Moto, Maji na Dawa za Bibi

Mwezi wa tisa mwaka 2021 nilikuwa nafanya field Dar es Salaam, nikiishi geto moja Sinza na wenzangu watatu. Asubuhi moja mama alinitumia pesa kwa simu. Zilikuwa za dawa za presha za Bibi, kwa sababu duka la dawa la karibu na kwao Ngamiani, Tanga, lilikuwa limeishiwa. Kazi yangu ilikuwa ndogo: ninunue dawa, nizifunge vizuri, nimkabidhi kondakta wa basi la Tanga. Nilimkabidhi siku ya 11.

Siku ya tisa Bibi alishikwa na kizunguzungu akaanguka jikoni. Hakuvunjika. Alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani, na mpaka mimi nakwenda kumwona Desemba alikuwa na maelezo yake kamili ya kilichotokea: mwili uliingiwa na baridi, mizani ikalala upande mmoja. Akapunguza madafu na matango, akaongeza tangawizi na pilipili manga kwenye chai. Maelezo yangu mimi yalikuwa mengine, na yalihusu gemu.

Gemu yenyewe ni Genshin Impact. Ilitoka tarehe 28 Septemba 2020, imetengenezwa na miHoYo ya Shanghai, kampuni iliyoanzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong. Ni ya bure kuipakua, ukiacha bando, na bando la gemu ile si mchezo. Unatembea katika nchi ya kubuni iitwayo Teyvat na kikosi cha wahusika wanne. Mmoja tu ndiye anayeonekana uwanjani, unawabadilisha kwa kugusa. Kila mhusika ana elementi yake kati ya saba: moto, maji, umeme, barafu, upepo, mwamba na mimea. Afrika hatuna seva yetu, kwa hiyo wengi tunacheza kwenye ya Ulaya, na pigo lako linafika baada ya wewe kukata tamaa.

Wahusika hupatikana kwa bahati nasibu. Uwezekano wa kumpata wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Ukifika mvuto wa 90 unapewa mmoja kwa lazima, ila wakati ule nusu kwa nusu aliweza asiwe yule unayemtaka. Ukipoteza hapo, anayefuata ndiye. Kila mvuto ni vito 160. Ukiwa na mkosi kamili unahitaji mivuto 180, yaani vito 28,800. Tarehe 1 Septemba alitoka Raiden Shogun, mungu wa umeme, na mimi nilimtaka kama mtu anavyotaka kiu iishe. Bumu lilikuwa limekwisha. Pesa ya mama ilikuwa kwenye simu. Nilijiambia nitairudisha Ijumaa.

Nilimpata Qiqi.

Kwa asiyemjua: Qiqi ni mtoto aliyekufa zamani akafufuliwa, anafanya kazi ya kuchuma majani ya dawa kwa ajili ya duka la mganga. Anatibu kuliko karibu kila mtu. Ndivyo ilivyokuwa, nilikula pesa ya dawa nikaletewa muuguzi. Siku hiyo sikuona kichekesho chochote.

*

Baada ya hapo nilianza kusoma. Nilikuwa na wahusika wachache, pesa sina, na aibu ya kutosha kunikesheza. Nilitaka kujua kwa nini kikosi changu, chenye mtu wa nyota tano, kilikuwa kinachapwa, wakati mwenzangu wa chumba, ambaye hajawahi kulipa hata senti, alikuwa anamaliza ngazi ya 12 ya ule mnara wa majaribio uitwao Spiral Abyss. Swali la gemu likanipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Wazo la kundi lenye mizani ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza kwa kete. Walikuwa wamelelewa na michezo ya vita ya vinyago, yenye askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, na wakauchukua mgawanyo ule wakaupa sura za watu. Kulikuwa na aina tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Mpiganaji anaweza kupigwa asianguke, mchawi ana nguvu lakini ni kama yai, kasisi anawainua walioanguka. Anayekwenda shimoni bila kasisi anajua alichokifuata.

Mwaka 1987 Final Fantasy ya Wajapani wa Square ilikupa nafasi nne na kazi sita za kuchagua. Mizani ikawa uamuzi wako mwenyewe mwanzoni kabisa, kabla hujajua lolote, na hakuna kurudi. Kuna watu hadi leo huimaliza wakiwa na wachawi weupe wanne, yaani waganga watupu, kwa ukaidi tu. Nawaheshimu. Kisha EverQuest ya 1999 na World of Warcraft ya 2004 zikafanya jambo hili liwe kama katiba: mmoja ngao, mmoja mganga, waliobaki wapigaji. Nilicheza Genshin kwa katiba hiyo. Nilikuwa na ngao, mganga na mpigaji. Nilikuwa na kila ofisi imejazwa mtu, na kazi hazifanyiki.

Pokémon ya 1996 ilikuwa na mizani ya aina nyingine. Pale maji yanashinda moto, moto unashinda majani, majani yanashinda maji, na kikosi chako cha sita kinatakiwa kiwe na jibu kwa kila adui. Wachina wana mzunguko unaofanana na huo wa tangu kale, wa elementi tano: mti, moto, ardhi, chuma na maji, kila kimoja kikikizaa kimoja na kukishinda kingine. Mtu angetarajia kampuni ya Shanghai iuchukue huo. Haikuuchukua. Chuma hakimo kwenye Genshin, na mzunguko wa kushindana haumo.

Kilichomo kilitoka karibu zaidi. Mwaka 2017 Nintendo walitoa Breath of the Wild, gemu ambayo nyasi zinawaka, moto unapandisha hewa, maji yanapitisha umeme. Genshin ilipotangazwa mwaka 2019 ilionekana kufanana nayo kiasi kwamba kwenye maonyesho ya ChinaJoy kijana mmoja alivunja PlayStation 4 yake hadharani kwa hasira. Watu walikuwa wanagombana kuhusu milima na kupaa. Wachache waliona kwamba Wachina walichukua kemia ile ya mazingira wakaiweka mahali pengine kabisa, mwilini mwa adui.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Ukimpiga adui kwa maji, maji yanamkaa kwa sekunde kadhaa. Ukimletea moto juu ya maji yale, vyote viwili vinageuka mvuke na pigo la moto linazidishwa mara 1.5. Ukianza na moto ukaleta maji, linazidishwa mara 2. Barafu ikifuatwa na moto ni mara 2 vilevile, kinyume chake ni 1.5. Umeme na moto vinalipuka. Barafu na maji vinamgandisha. Upepo hauna ugomvi na wengi, kazi yake ni kuchukua kilichopo na kukisambaza kwa majirani. Kwa hiyo moto na maji hawapambani timu kwa timu kama kwenye Pokémon. Wote ni watu wako. Unatafuta watu wa kikosi kimoja ambao asili zao haziivi, na unalipwa kwa kutoiva kwao.

Ilichukua muda watu kulielewa hili. Mwishoni mwa 2020 wengi tulikuwa tunawapanga wahusika kwa ukubwa wa pigo la mtu mmoja akiwa amesimama peke yake. Diluc wa moto, nyota tano, alikuwa mfalme. Bennett, kijana mwenye mkosi ambaye kila msafara wake unaharibika, alionekana wa kujazia. Xiangling, mpishi wa Liyue, wanakupa bure ukipita ngazi ya tatu ya mnara, na kitu cha bure nani anakiheshimu?

Kisha wachezaji wa China wakaanza kupiga hesabu, na kikosi cha wahusika wa nyota nne watupu kikapewa jina Timu ya Taifa: Xiangling, Bennett, Xingqiu na Chongyun. Nimekitazama kikosi hiki kwa saa nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya msimamizi wangu wa chuo. Pigo kuu la Xiangling ni duara la moto linalozunguka, na linaendelea kuzunguka hata yeye akitoka uwanjani. Lakini ni ghali, linataka nishati 80, na peke yake hawezi kuikusanya kwa wakati. Bennett anatoa chembe za nishati ya moto upesi upesi, anampa. Bennett pia anachora duara chini. Ukisimama ndani na afya yako ikiwa chini ya asilimia 70 anakutibu, ikiwa juu ya hapo anakuongezea nguvu ya kupiga. Na moto wa Xiangling unakumbuka nguvu uliyokuwa nayo ulipowashwa, kwa hiyo anasimama kwenye duara sekunde moja, anawasha, anaondoka nayo. Xingqiu, mtoto wa tajiri anayependa vitabu, analeta panga za mvua zinazomlowesha adui kila unapopiga, na zinapunguza maumivu unayopata. Moto unakutana na maji, mvuke, tena, tena.

Angalia ofisi zilivyopotea. Ngao ni nani? Kidogo Xingqiu. Mganga? Bennett, ambaye ndiye pia mletaji nishati na mwongezaji nguvu. Hakuna aliyekaa kusubiri zamu yake. Sasa mweke Qiqi wangu hapo. Anatibu vizuri mno, lakini pigo lake dogo halitoi chembe hata moja ya nishati. Wenzake wanapona na kubaki mikono mitupu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa anacheza hivyohivyo, na alikuwa anaishi hivyohivyo. Kwa wiki tatu nilikula kwenye sufuria yake. Hakuniuliza pesa zangu zimekwenda wapi. Alinipa kazi ya kuchota maji na kuosha vyombo.

*

Elementi nne ambazo wengi tunazijua, moto, maji, upepo na udongo, zilipangwa pamoja na Empedocles wa Akragas, mji wa Wagiriki kisiwani Sicilia, karne ya 5 kabla ya Kristo. Yeye aliziita mizizi. Alisema haziumbwi wala hazifi, zinachanganyika na kutengana tu, na kwamba kuna nguvu mbili zinazozisukuma: Upendo unaoziunganisha na Ugomvi unaozitenganisha. Ulimwengu unahitaji zote mbili. Upendo ukishinda kabisa, kila kitu kinakuwa donge moja. Ugomvi ukishinda kabisa, kila kitu kinakaa kwake. Vitu kama mimi na wewe vinatokea katikati. Alikuwa pia mganga, na hadithi inasema alijirusha kwenye volkano ya Etna ili watu wadhani amekuwa mungu, kisha mlima ukatapika kiatu chake.

Aristotle akaziunganisha elementi na hali nne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129 na kuanza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa viwanjani, akaziweka mwilini: damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Afya ikawa ni mizani ya hivyo. Karne ya 9 kule Baghdad, Hunayn ibn Ishaq akazitafsiri kazi nyingi za Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Karne ya 11 Ibn Sina akayakusanya yote katika Qanun, akieleza kwamba kila mwili, kila tunda na kila dawa ina mchanganyiko wake. Elimu hiyo ilisafiri na dini, na biashara, na vitabu, ikashuka Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja. Waganga wa vitabu wa pwani wakawa na maneno yao: hari, baridi, yabisi, rutuba.

Kwa hiyo Bibi alipopunguza madafu alikuwa anafuata njia ndefu kuliko alivyojua. Pergamon, Baghdad, Bukhara, Ngamiani. Na nyota vilevile. Pwani mtu akitaka kujua nyota yako huchukua jina lako na la mama yako, anahesabu herufi kwa abjadi, anagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Punda, Simba na Mshale ni za moto. Kaa, Nge na Samaki ni za maji. Kabla ya posa wapo wanaokwenda kuuliza kwanza. Moto na upepo, heri, kwani upepo huupepea moto. Moto na maji, wazee hutikisa kichwa: mmoja atamzima mwenzake.

Nilipofika hapa nilisimama. Tangu Galen hadi kwa Bibi, mizani maana yake ni utulivu: joto lisizidi baridi, kusitokee kitu. Wapiga kete wa 1974 nao walitaka kusiwe na pengo. Gemu ya kwenye simu yangu ilikuwa imerudi nyuma ya Galen bila kukusudia, kwa yule wa Etna, ambaye Ugomvi kwake ulikuwa nusu ya kazi ya kuumba. Sisemi watengenezaji wa Shanghai walimsoma Empedocles. Nadhani walitaka watu waendelee kuvuta bahati nasibu, na kikosi kinachohitaji watu wanne wa tabia tofauti kinauza kuliko kinachohitaji shujaa mmoja. Mnara wenyewe, kuanzia ngazi ya tano, unataka vikosi viwili kwa mpigo, wahusika wanane. Biashara inajua inachofanya. Mimi nimeilipa, nina haki ya kusema.

Agosti 2022 elementi ya mimea ilifunguliwa kwa wachezaji, ya saba na ya mwisho, na hesabu zikapinduliwa tena. Mimea na maji vinazaa mbegu, mbegu ikiguswa na umeme inaruka kama mshale, na ukubwa wa pigo unategemea ngazi na umahiri wa anayeigusa, si ukali wa silaha yake. Kuki Shinobu, nyota nne, mganga, akawa mpigaji mkubwa huku anatibu. Watu waliotumia mamilioni walishika vichwa. Nilifurahi kwa namna ambayo si ya kistaarabu.

*

Desemba ile nilikwenda Tanga. Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu juu ya mkeka, chai ya tangawizi pembeni. Nilimwamkia, nikakaa chini ya kiti chake, na baada ya muda nikatoa simu. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

"Mume wangu, hawa nao wana nyota?"

"Kila mtu na yake, Bibi. Huyu moto, huyu maji."

"Na huyu anayekula barafu?"

Alikuwa Chongyun. Nikamweleza: alizaliwa na hari nyingi mwilini, akila kitu cha moto au akikaa juani anapandwa, anabadilika tabia, kwa hiyo hula vya baridi tu. Ndivyo gemu inavyosema, na kwao Uchina wana jina la hali hiyo. Bibi hakushangaa hata kidogo.

"Hari imemzidi. Mdogo wa mama yangu alikuwa hivyo. Wasimpe embe." Akatazama tena. "Na huyu wa maji na huyo mpishi wa moto, wanakaa nyumba moja?"

"Kikosi kimoja."

"Hawagombani?"

"Wanagombana, Bibi. Ndiyo kazi yao."

Akacheka kidogo, akanywa chai. Barabarani bajaji ilipita na muziki wake. Nilimaliza pambano lile, nikaizima simu, nikaiweka kwenye mkeka kifudifudi.

"Bibi, zile dawa za mwezi wa tisa."

"Zilichelewa."

"Hazikuchelewa. Nilikuwa nazo hela siku ileile. Nikazitumia humu."

Alinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa mawaidha, na nilikuwa na maneno ya kujibu vyote viwili. Akauliza zilikuwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akauliza kama mama yangu anajua, nikasema hajui. Akavuta mtandio mabegani, akasema nikaepue jikoni, maji yameshachemka.